Koleo la mkono kwa maganda makuukuu ya .45-70: nimelitumia miezi minne kwenye Sharps yangu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu. Kitu cha leo nimekaa nacho miezi minne kabla ya kuwasha kamera, maana sikutaka kukisifia kwa wiki moja tu. Ni hili koleo. Ngoja nilisogeze. Mikono miwili ya chuma, kichwani tundu lenye meno ya skrubu, na humo unakaza dai, yaani kikombe cha chuma kigumu kinacholibana ganda la risasi. Ukiminya mikono, ganda linaingia kwenye dai. Hakuna presi ya kufunga mezani, hakuna umeme. Unaweza kulitumia umekaa nyuma ya gari.

Mnaonitazama kutoka nyumbani, Tanzania na Kenya, naomba mnielewe: mimi niko New Mexico, na hapa raia anaruhusiwa kujijazia risasi zake mwenyewe. Huko silaha na risasi zina sheria na leseni zake. Tazameni, jifunzeni, lakini msijaribu.

Bunduki yenyewe ni hii, nakala ya Sharps ya 1874 iliyotengenezwa Italia. Unavuta wenzo huu chini, kipande hiki cha chuma kinashuka, chumba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kiko wazi. Unaweka risasi moja, unafunga, unapiga, unatoa ganda. Basi. Risasi yake ni .45-70, ambayo jeshi la Marekani liliianza mwaka 1873, na ile 70 ni grani, kipimo kidogo cha uzito, za baruti nyeusi. Kwetu pia bunduki za namna hii zilifika. Mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani Afrika Mashariki bado walibeba Mauser ya 1871, risasi moja moja, milimita 11, na moshi wa baruti nyeusi ulikuwa unaonyesha walipojificha.

Sasa tatizo. Bunduki ya bolti, yaani komeo la chuma linalosukumwa mbele kwa mkono, ukiifunga, bolti inaisindika risasi ndani kwa nguvu. Sharps haina nguvu hiyo. Kile kipande cha chuma kinapanda na kushuka tu, kwenda mbele karibu hakisukumi kitu. Anayesukuma ni dole gumba lako. Kwa hiyo ganda likiwa nene kuliko chumba hata kwa unywele, linagoma, na unabaki umeshika risasi iliyoingia robo tatu huku saa ya mashindano inakwenda. Yamenikuta. Nilinunua kopo la maganda 100 yaliyotumika, muuzaji akaniambia ni safi. Safi yalikuwa, yanang'aa, lakini yalipigwa kwenye bunduki tofauti tofauti, na karibu theluthi hayakuingia kwenye chumba changu.

Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, karibu sabini kwa thelathini. Baruti inapowaka, ganda linavimba mpaka ligonge kuta za chumba, kisha linarudi kidogo tu. Ndiyo kusema ganda lililopigwa kwenye bunduki yako limeshavaa umbo la chumba chako, kama kiatu kilichozoea mguu. Lililopigwa kwenye bunduki ya jirani limevaa mguu wa jirani.

Yale maganda ya kopo niliyapeleka kwenye presi, dai ya kubana ganda zima toka mdomo hadi karibu na kitako. Hapo koleo haliwezi kitu, nawaambia kabisa. Na kwenye presi mafuta ni lazima. La sita nililipaka haraka haraka, likaingia nusu, likakwama. Nikavuta, ukingo wa kitako ukang'oka kama kifuniko cha kopo la samaki. Ikabidi nitoboe kitako, nitie meno ya skrubu, nilivute na bolti na nati. Jioni nzima imekwenda. Tangu siku hiyo kila ganda nalizungusha kwenye vidole vyenye mafuta, utando mwembamba tu. Ukijaza mafuta mengi nayo yanabonyeza shaba, unaona vibonyeo ubavuni. Halafu nafuta yote kabla ya kujaza.

Lakini baada ya kulibana zima mara moja na kulipiga kwenye Sharps yangu, ganda hilo ni langu. Hakuna sababu ya kuliminya tena mwili mzima. Linalohitajika ni mdomo tu ushike risasi, na hii ndiyo kazi ya koleo: linabana ile sehemu ya juu inakokaa risasi, chini linaacha lilivyo. Tazameni hapa karibu. Mnauona huu mstari mwembamba? Juu yake pamebanwa, chini yake ganda bado ni la chumba changu.

Tupime na kalipa, kipimio cha unene. Ganda limetoka kwenye bunduki: mdomo inchi 0.481. Nalipitisha kwenye koleo... 0.475. Na hili nililibana kwenye presi jana: 0.470. Msione ni tofauti ndogo. Lile la presi itabidi nilipanue tena kabla ya kuweka risasi, kisha bunduki ilipanue tena. Kila safari ya kwenda na kurudi inaikaza shaba, nayo shaba iliyokazwa sana hupasuka. Ganda hili limenyooka halina shingo, na baruti nyeusi haina shinikizo kubwa, kwa hiyo mara nyingi halifi kitakoni, linafia mdomoni. Hili hapa. Ufa huu hauzidi punje ya mchele, lakini ganda limekwisha, halirudi kazini.

Na kuna risasi yenyewe, kile kichwa kinachoruka. Kiswahili chetu kinaiita risasi, na madini yake nayo tunayaita risasi, maana ndiyo hayo hayo. Mimi natumia laini, sehemu 20 za risasi kwa moja ya bati. Ukiitia kwenye mdomo uliobanwa kupita kiasi, shaba ndiyo inayoshinda: inaiminya risasi ikiwa bado ndani ya ganda, inatoka nyembamba, haishiki mifuo ya mtutu. Nilikuwa nalaumu macho yangu kwenye shabaha ya chuma yenye umbo la kondoo, mita 500, kumbe ni mdomo wa ganda.

Nani asinunue? Mwenye bunduki mbili za .45-70 anayechanganya maganda, aachane nalo. Mwenye bunduki ya wenzo inayobeba risasi nyingi kama Marlin vilevile, kule ganda linatakiwa libanwe zima lipite bila kugoma. Halafu mkono. Maganda 20 ni raha, 40 kiganja kinawaka, 60 nalala nimeufunga kitambaa. Mikono ya chuma haina mpira wowote, mimi nimeivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Na dai inalegea kwenye meno yake. Nimechora mstari wa wino toka kwenye dai hadi kwenye koleo, mistari ikiachana najua imezunguka.

Langu ni la mkono wa pili, muhuri wa mtengenezaji umefutika, nimelipata kwa dola 85 pamoja na dai. Aina hii ni ya zamani: John Barlow wa New Haven, Connecticut, alifungua kiwanda chake cha Ideal mwaka 1884 akiuza makoleo kama haya kwa watu waliokaa mbali na duka.

Jambo moja msiliruke. Kabla ya koleo, fataki iliyotumika, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, itoke na ganda lioshwe siku ileile, maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti nyeusi yanaila shaba. Na kila baada ya mizunguko mitano hivi naupasha mdomo moto ili shaba ilainike. Mdomo tu. Nasimamisha maganda kwenye sinia la maji, nusu yake ya chini imezama, mwali wa gesi unapita juu. Kitako kikilainika ganda hilo ni la kutupa, kwa sababu kitako ndicho kinachozuia moto usikurudie usoni.

Haya, tujaribu. Ganda hili halina fataki wala baruti, ni tupu. Limepigwa mara tisa, mara nane kati ya hizo limebanwa kwa koleo peke yake. Wenzo chini. Naliachia tu, sisukumi... mmesikia? Limeingia lenyewe mpaka ukingo. Sasa lile la kopo ambalo sijalipeleka kwenye presi. Linaingia, linaingia, hapo. Limesimama, upana wa kucha umebaki nje. Nalisukuma kwa dole gumba, na halitikisiki.