Suur, Grandsuur na Saunt: uhakiki wa majina ya heshima katika riwaya ya Anathem

Riwaya ya Anathem ya Neal Stephenson, iliyotoka mwaka 2008, ina zaidi ya kurasa 900 na imesheheni mijadala ya falsafa na hisabati, ila ninalotaka kulipima hapa ni moja tu: namna wasomi wanaoishi kitawa katika sayari ya Arbre wanavyowaita wanawake waliowatangulia kwa umri na elimu.

Msingi wake ni mwepesi kushika. Mwanamume huitwa Fraa, mwanamke huitwa Suur, na wakishakuwa wazee huitwa Grandfraa na Grandsuur. Anayejua Kifaransa au Kilatini kidogo atawatambua mara moja kaka na dada wa nyumba za watawa, na ndiyo maana majina haya ya kubuni hayamkwazi msomaji.

Uhodari wa mwandishi unaonekana pale anapotenganisha heshima ya umri na mamlaka ya ofisi. Suur Trestanas, msimamizi wa nidhamu katika monasteri ya Saunt Edhar, anamwadhibu msimulizi, kijana Erasmas, kwa kumlazimisha ajifunze sura 5 za Kitabu, maandishi yaliyotungwa makusudi yawe upuuzi unaomtesa akilini kila anayeyasoma. Pamoja na uwezo wote huo wa kumtia kijana adabu, bado anaitwa Suur tu, sawa na Ala, msichana wa rika la Erasmas, ilhali Grandsuur Tamura hubeba jina zito zaidi kwa sababu ya uzee wake. Nimeupenda sana uamuzi huu, kwa kuwa unamfundisha msomaji muundo wa jumuiya nzima bila hotuba yoyote.

Juu ya wote lipo jina la Saunt, wanalopewa wanafikra wakubwa bila kubaguliwa kijinsia. Cartas, aliyeweka msingi wa maisha hayo ya kitawa baada ya kuanguka kwa Baz, dola ya kale ya Arbre, alikuwa mwanamke, naye ni Saunt Cartas. Hakutungiwa jina dogo la pembeni.

Kasoro ninayoiona ni kwamba wanawake hawa wazee tunawaona kwa macho ya kijana wa kiume, hivyo ni nadra kuwasikia wakizungumza wao kwa wao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 63, huwapanga watawa kwa kufuata wakati walioingia monasterini, kisha huagiza wadogo wawaite wakubwa kwa jina la heshima na wakubwa nao wawaite wadogo ndugu. Heshima inayokwenda pande mbili namna hiyo ingewapa akina Grandsuur uhai zaidi, na kurasa 900 zilikuwa na nafasi ya kutosha.

Mwishoni mwa kitabu ipo faharasa ya istilahi. Ningemshauri msomaji asiifungue mapema, bali ayaache majina yamzoee kwanza katika mazungumzo ya wahusika.