Studio ya Ngamiani: kabla ya kamera kulikuwa na cherehani

Nilikwenda studio moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kupiga paspoti saizi tu. Nikakaa kwenye stuli, nikanyoosha shingo kama tunavyofanya wote, nikasubiri nimulikwe. Yule dada mpiga picha akaiweka kamera mezani, akanijia, akanivuta ushungi kidogo upande wa kushoto, akachomoa pini iliyokuwa imebanwa midomoni mwake, akauchoma nyuma ya sikio. "Hapo palikuwa na mkunjo, mama. Ungetoka kama umeamka sasa hivi." Picha nne, shilingi 5,000. Mara yangu ya kwanza kutoka kwenye kitambulisho nikiwa na sura ya mtu, si ya mtuhumiwa.

Nikamuuliza hiyo pini mdomoni kajifunzia wapi. Kumbe miaka kumi na moja alikuwa fundi cherehani, kwenye kibaraza hicho hicho, akishona madera na sare za shule. Wateja wakija kuchukua nguo za harusi aliwapiga picha kwa simu ili abandike ukutani kama sampuli. Watu wakaanza kuulizia picha kuliko mshono. Cherehani bado iko pembeni, imefunikwa kanga, juu yake zimepangwa fremu.

Basi tulipofika kwenye harusi ya binti yangu nikamkabidhi kazi. Shemeji yangu akanuna: "Shughuli ya pesa zote hizi unampa fundi nguo? Kasomea wapi?" Mie nimefanya kazi maktaba, nikianza sinyamazi. Nikamwambia mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, ambaye picha zake zimetundikwa kwenye makumbusho Ulaya na Marekani, alikuwa seremala. Alipofungua studio mwaka 1948, pazia lake la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitandani kwake. Sebastião Salgado wa Brazili alikuwa mchumi, akifanya kazi London kwenye Shirika la Kimataifa la Kahawa, na ni safari za kikazi huku kwetu Afrika zilizomtia kichaa cha kamera hadi akaacha mshahara mwaka 1973. Vivian Maier yeye alilea watoto wa watu Chicago, huku akipiga picha barabarani siku za mapumziko. Shemeji akaniuliza huyo wa kahawa alikuwa akitoza shilingi ngapi.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya sherehe ya harusi ya akina mama peke yao, wanaume hawaingii, kwa hiyo mpiga picha mwanamke kwetu si anasa, ni lazima. Alikuja saa nzima kabla ya bibi harusi, akazunguka ukumbi akishika vitambaa: mapazia, shela, kisutu, ile kanga ya bibi harusi. Nikadhani anapoteza muda. Baadaye nikaelewa alikuwa akitafuta kipi kitang'aa na kipi kitanyonya mwanga. Shela jeupe kwenye uso mweusi ndipo wengi wanapochemsha: ama uso unakuwa kiza, ama shela linaungua lote linabaki doa jeupe. Kwake utahesabu ushanga wa shela mmoja mmoja, na jasho dogo juu ya mdomo wa mwanangu bado unaliona. Ile picha ya mikono yenye piko, michoro ya rangi nyeusi, imekaa juu ya kisutu, nimeitazama mpaka nyanyake kaninyang'anya.

Tulikubaliana kuwa picha za ndani hazitoki nje. Alinipa zote kwenye flashi, kisha akafuta memori kadi na kompyuta mbele ya macho yangu bila kukumbushwa. Kwa mama mwenye binti, hilo peke yake lina thamani ya nusu ya pesa.

Kamera anaihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, imejaa vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Nilicheka, akanionyesha lenzi ya zamani iliyoota kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma.

Lawama ninazo. Albamu niliahidiwa siku kumi, ikaja baada ya wiki tano. Sababu zilikuwa nyingi: karatasi, umeme, basi. Ilipofika, jina la mkwe wangu limekosewa kwenye jalada. Ikarudishwa, bure ndiyo, lakini wiki mbili nyingine. Na simu hapokei akiwa kazini, usijisumbue. Bei ya harusi, shilingi 450,000 kwa siku moja, si ya chini. Kuna vijana watakufanyia kwa nusu yake.

Nenda asubuhi, kabla kibaraza hakijapigwa jua. Ijumaa anafunga mchana. Kama unataka albamu, lipa kwanza nusu tu, na majina yaandike mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa.