Kliniki ya mapafu iliyomuuliza baba swali moja la ziada

Nilimpeleka baba katika kliniki hii ya Dar es Salaam akiwa na kikohozi cha miezi minane na picha ya eksirei yenye kivuli upande wa kulia, kivuli ambacho hospitali ya kwanza ilikwisha kukiita saratani kwa kuwa tu alikuwa mvutaji sigara wa miaka mingi. Daktari wa hapa alimtazama akauliza, "Mzee wangu, umewahi kupaliwa?" Baba akakumbuka ubuyu aliokuwa akimumunya huku akicheka.

Kwenye bronkoskopi, yaani kipimo cha kutazama ndani ya njia za hewa za mapafu, koo lilipuliziwa dawa ya ganzi, mpira mwembamba wenye kamera ukapitishwa puani, na baadaye tukaonyeshwa kwenye kibakuli mbegu ya ubuyu yenye nyuzi za nyama iliyovimba. Daktari alieleza kwamba njia ya hewa ya kulia ni pana na imenyooka zaidi, hivyo vitu huangukia huko, na kwamba mbegu na plastiki aghalabu hazionekani kwenye eksirei. Alitutajia pia mgonjwa wa Preston, Uingereza, aliyeripotiwa mwaka 2017, ambaye "uvimbe" wake ulikuwa koni ndogo ya barabarani ya kuchezea aliyoivuta mapafuni utotoni miaka 40 kabla. Hata hivyo kipande cha nyama kilipelekwa maabara, jambo lililonipa imani zaidi kuliko maneno yote, na majibu yalikuja safi.

Mapokezi ndiyo yanayohitaji marekebisho: gharama tuliambiwa baada ya kipimo, na mzee aliyefunga kula tangu usiku alisubirishwa hadi saa saba mchana.