Kekee ya Kirusi kwenye tope la delta: inapofaa na inapokwama

Anayetafuta bahari ilifika wapi miaka elfu kadhaa iliyopita kwenye delta kama ya Rufiji huanza na mboji ya mikoko iliyozikwa. Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na mahali maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku nyingine, yanapokomea. Kwa hiyo mboji iliyoko mita nne chini inaonyesha bahari iliyokuwa chini zaidi, au tope lililodidimia kwa uzito wa lililo juu yake. Ili kuyatenganisha hayo mawili unahitaji sampuli isiyobanwa, na kwa kazi hiyo sijaona kifaa cha mkono kinachoishinda kekee ya Kirusi.

Ni nusu-bomba la chuma la sentimita 50, kipenyo kama sentimita 5, lenye bawa bapa upande mmoja. Isukume ikiwa imefungwa mpaka kina unachotaka, kisha zungusha mpini nusu duara. Bawa hutulia palepale, ukingo mkali hukata tope na kulifungia ndani. Tope huingia kwa ubavu, ndiyo maana halishindiliwi. Matabaka membamba ya mchanga laini na tope yanayoachwa na maji kujaa na kupwa hutoka kamili, manene ya bamvua na membamba ya maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo. Safisha uso wa sampuli kwa kisu ukikatiza upana wake, kamwe si kwa urefu, la sivyo utaburuta chavua ya tabaka moja hadi jingine.

Ncha ya kekee huvuruga tope lililo chini ya chumba, yaani lile nusu-bomba linalobeba sampuli. Kwa hiyo toboa mashimo mawili yaliyoachana nusu mita: sentimita 0–50 katika la kwanza, 40–90 katika la pili, na kuendelea kwa kupokezana.

Udhaifu mkubwa ni mchanga. Kwenye mifereji ya kale, mkondo ulikokuwa na nguvu, kekee hugoma. Usiigonge kwa nyundo: bawa likipinda chumba hakifungi, na tope la juu litaingia katika sampuli ya chini. Hapo tumia bomba la kutetemeshwa kwa mashine.

Kibaya zaidi, mboji iliyolala moja kwa moja juu ya mchanga mgumu ndiyo bora kwa kupima umri kwa kaboni, maana haina tope laini chini yake la kudidimia. Ncha ikigota mchanga, sentimita za mwisho za mboji hubaki nje ya chumba. Zifuate kwa kekee nyembamba ya mfereji, iliyo wazi ubavuni, katika shimo jipya la pembeni.

Nunua fimbo za mita moja moja na funguo mbili za kufungulia maungio, kwani chumvi huyang'ang'aniza. Kila jioni zioshe kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka grisi. Ukingo wa chumba unolewe upande wa nje tu. Mizizi ya mkoko huufanya butu upesi. Kabla ya kung'oa kambi, pima kimo cha mdomo wa shimo kutoka alama ya upimaji ardhi: bila kipimo hicho, kina cha mboji hakiwezi kulinganishwa na usawa wa bahari.