TAHADHARI: Wanaouza "CTR ya asilimia 40" kwa wanaoanza matangazo ya Google

Kuna ofa inazunguka kwenye magrupu ya wafanyabiashara. Inabadilisha jina, maneno ni yale yale: "Tangazo lako la Google halibofywi? Tunapandisha CTR hadi asilimia 40 ndani ya siku 7. Lipa nusu sasa, nusu ukiona matokeo." Chini yake skrinishoti yenye namba nono. Msilipe. Ubaya wa hii ofa ni kwamba mara nyingi hiyo asilimia 40 utaiona kweli, nusu ya pili utaitoa kwa roho safi, na simu ya mteja haitalia.

CTR, yaani kiwango cha kubofywa kwa tangazo, ni hesabu ya shule ya msingi: idadi ya kliki, gawanya kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana, zidisha kwa 100. Limeonekana mara 2,000, limebofywa mara 60, hiyo ni asilimia 3. Haikuambii nani kabofya wala alikuwa anatafuta nini, na hapo ndipo wanapochezea.

Tuchukue mfano wa mtu anayechimba visima Dar es Salaam na Pwani. Maneno yake ya kazi (yale ambayo mtu akiyatafuta Google, tangazo linatokea), "kuchimba kisima", "bei ya kuchimba kisima", yameonyesha tangazo mara 2,000 na limebofywa mara 60. Anakuja "mtaalamu", anafungua kampeni mpya yenye neno moja tu: jina la kampuni yenyewe. Anayetafuta jina la kampuni tayari anaijua, pengine alishapewa bei na anatafuta namba ya simu. Tangazo linaonekana mara 100, linabofywa mara 40. Asilimia 40 hiyo hapo, skrinishoti inapigwa. Ila ukijumlisha kampeni zote mbili ni kliki 100 kwa maonyesho 2,100, yaani asilimia 4.8, na kati ya hizo 100, kliki 40 ni za watu ambao wangekufikia bure kupitia matokeo ya kawaida chini ya tangazo. Kutangaza jina lako kuna faida pale mshindani anapolinunua. Kuuziwa kama ushindi ni wizi wa mchana kweupe.

Dawa yake ni swali moja: "Nionyeshe CTR bila neno la jina langu." Anayejua kazi atachuja hapo hapo. Tapeli ataanza kukueleza habari za algorithimu.

Mbinu ya pili ni kliki za kununua: programu za kubofya, au magrupu ya "bofya ulipwe". Google huchuja kliki batili yenyewe. Zinazonaswa huzilipii na hazihesabiwi kwenye CTR. Maana yake ni kwamba kliki pekee inayopandisha namba ya tapeli ni ile iliyopenya kwenye chujio, na hiyo unailipa wewe. Mlipe yeye, kisha mlipe Google kwa kazi aliyoharibu. Kuikagua si kazi kubwa: kwenye jedwali la kampeni ongeza safu za "Invalid clicks" na "Invalid click rate", kisha gawanya ripoti kwa saa na uangalie ripoti ya maeneo. Mchimba visima wa Kibaha akipata rundo la kliki kati ya saa nane na saa kumi usiku, kutoka mkoa asiohudumia, na hakuna hata mmoja aliyebofya kitufe cha kupiga simu, jibu analo.

Ya tatu ni chambo. Anaandika "Kisima Bure" au bei ambayo huwezi kuchimbia hata shimo la choo. Watu wanabofya kwa wingi, wanafika kwenye ukurasa, hawaoni cha bure, wanaondoka. Kila mmoja wao umemlipia.

Ya nne haihitaji hata tangazo. Kwenye kompyuta unabonyeza F12, unabadilisha 3 kuwa 38 kwenye kivinjari, unapiga picha. Dakika moja. Kwa hiyo skrinishoti si ushahidi wa chochote. Mwambie afungue akaunti kwa simu ya video na aupakie ukurasa upya (refresh) mbele yako. Namba za kubandika zinafutika zenyewe.

Ishara nyingine za kukimbia: anataka bajeti na ada yake vitumwe pamoja kwenye namba yake ya simu. Hapo hutajua kamwe shilingi ngapi zilifika Google. Akaunti iwe yako, kadi iwe yako (kadi pepe ya Visa kutoka mtandao wa simu inatosha, na unaweka kiasi unachokubali kitumike), yeye alipwe ada yake pembeni. Risiti halisi za Google unazipakua mwenyewe kwenye sehemu ya malipo ya akaunti. Anayesema "tunaendesha kwenye akaunti yetu, utapata ripoti ya PDF" anakufungia mlango: siku mkiachana, historia yote inabaki kwake. Na anayekuuzia akaunti "yenye salio la Google ndani" anakuuzia kesi, kwa sababu akaunti hizo hufungiwa kwa malipo ya mashaka na biashara yako ikafungiwa nayo.

Neno la siri la Gmail usimpe, wala namba ya uthibitisho inayoingia kwa SMS. Mtu wa kazi haihitaji. Anakuomba namba ya akaunti yenye tarakimu 10, anatuma ombi kutoka akaunti yake ya meneja (ile ya kusimamia akaunti za wateja), unalikubali, na siku ukitaka unalikata kwenye "Access and security". Ukimuongeza kama mtumiaji wa kawaida mpe ngazi ya "Standard". Mwenye "Admin" anaweza kukuondoa wewe kwenye akaunti yako mwenyewe.

Akijitapa kuwa ni Google Partner, yaani mshirika anayetambuliwa na Google, mtafute kwenye orodha ya Google yenyewe. Beji inahitaji, pamoja na mambo mengine, matumizi ya dola 10,000 ndani ya siku 90 kwenye akaunti anazosimamia. Picha ya beji kwenye wasifu wa WhatsApp haina uzito wowote.

Tuwe wakweli kwa upande wa pili: si kila pesa inayokatwa ghafla ni wizi. Google inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti yako ya siku kwa siku moja, ilimradi mwezi usizidi bajeti ya siku mara 30.4. Umeweka 10,000, ukakatwa 20,000 Jumatatu, hapo hakuna tapeli.

Sasa, kazi anayodai ni siri yake, unaweza kuifanya jioni moja.

Anza na mipangilio. Unapofungua kampeni ya utafutaji, Google inakuwekea tiki kwenye "Search partners" (tovuti nyingine za utafutaji) na "Display Network" (matangazo ndani ya tovuti na programu za watu wengine). Ondoa zote mbili kwa kuanzia, la sivyo utakuwa unasoma CTR ya uji na ugali kwenye sufuria moja. Kwenye eneo, chaguo la awali linajumuisha watu "wanaovutiwa" na eneo lako hata kama hawapo. Badilisha iwe waliopo tu. (Mtanzania aliyeko Toronto anayejenga Bagamoyo ni mteja mzuri sana wa kisima, lakini mfungulie kampeni yake, maneno yake na saa zake ni tofauti.)

Halafu maneno. Neno likiwekwa tupu, Google inalitanua itakavyo. Likiwa kwenye alama za nukuu, maana yake lazima iwemo kwenye utafutaji. Kwenye mabano ya mraba linabanwa zaidi. Anayeanza aanze na nukuu na mabano. Na Kiswahili kina tabia yake: kisima, visima, kuchimba, uchimbaji, wachimbaji, vyote viandike, usitegemee mashine ikuunganishie.

Sehemu inayopandisha CTR kuliko zote ni maneno ya kuzuia, na ndiyo wengi wanairuka. Fungua ripoti ya maneno waliyotafuta watu. Ya mchimba visima itakuwa na "ndoto ya kuchimba kisima maana yake", "nimeota kisima", "visima vya mafuta", "ajira uchimbaji visima". Hakuna hata mmoja hapo anayetaka maji. Zuia ndoto, kuota, nimeota, niliota, maana, mafuta, ajira, pdf. Kila umbo liandike peke yake: neno la kuzuia halitanuliwi kwa maneno yenye maana moja wala miundo ya karibu, kwa hiyo ukizuia "kuota", aliyeandika "nimeota" bado anapita. Fanya hivi kila siku wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Maonyesho yasiyo na maana yakipungua, CTR inapanda bila kliki hata moja kuongezeka, na pesa inabaki mfukoni.

Kisha tangazo lenyewe. Una nafasi ya vichwa hadi 15, kila kimoja herufi 30 pamoja na nafasi wazi, na maelezo hadi manne ya herufi 90. Kiswahili kinakula herufi. "Tunapima Maji Kabla ya Kuchimba" ni 31, kisanduku kinakataa. "Tunapima Kabla ya Kuchimba" ni 26, inakaa, na maana haijapotea. "Kuchimba Kisima Dar na Pwani" ni 28, na hicho ndicho kichwa chenye nguvu kuliko vyote kwa sababu kinarudia alichoandika mtafutaji na kinataja alipo. Maelezo: "Tunapima maji ardhini, tunachimba, tunaweka pampu. Piga simu, pata bei ya eneo lako." Herufi 84. Usiweke namba ya simu ndani ya maandishi wala alama ya mshangao kwenye kichwa, tangazo litakataliwa. Simu ina kiambatisho chake. Ongeza na viungo vya ziada vinne vyenye herufi zisizozidi 25 kila kimoja: bei, picha za kazi, maeneo, mawasiliano. Tangazo linachukua nafasi kubwa zaidi kwenye skrini ya simu.

Usijitafute kwenye Google kila saa kuona kama umetokea. Kila unapotokea bila kubofya unashusha CTR yako mwenyewe. Kuna kifaa cha kuangalia tangazo ndani ya akaunti, tumia hicho.

Kama umeshalipa na umeshatoa ruhusa, fanya kwa mpangilio huu. Kata ruhusa ya meneja na ya mtumiaji, badilisha neno la siri, ondoa vifaa usivyovijua. Simamisha kampeni zote na ufunge kadi. Pakua historia ya mabadiliko, inaonyesha nani alifanya nini na lini. Ukiwa na ushahidi wa kliki za hila, jaza fomu ya Google ya uchunguzi wa kliki, ukijua inashughulikia siku 60 zilizopita tu. Pesa ya simu, wapigie mtandao wako mara moja kabla haijatolewa. Tanzania namba ya tapeli inaripotiwa 15040, na polisi utaenda na ujumbe, risiti na jina lililotokea kwenye muamala. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ipo ya 2018. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute hata kama yanakuudhi, na yahifadhi mapema kabla hajayafuta upande wake.