Uwanja wa punda: mchanga, maranda au moramu? Uzoefu wangu hapa Tabora

Nina punda wanne, watatu wanavuta mkokoteni wa maji na tofali, wa nne bado mdogo namfundisha taratibu. Nipo nje kidogo ya mji, njia ya Kipalapala. Watu wananicheka eti huyu anahangaika na uwanja wa punda utafikiri anajenga uwanja wa mpira, punda si anasimama popote. Sawa, mi mwenyewe nilikua nasema hivyo hivyo.

Eneo lenyewe mita 10 kwa 12, ndo wanapumzikia jioni na ndo namzungusha yule mdogo na kamba. Udongo mfinyanzi, kiangazi unapasuka unakua mgumu kama sementi, mvua ikianza ni tope linafika juu ya kwato. Mwaka juzi Januari jike langu kubwa likaanza kuchechemea mguu wa nyuma, nikauinua nikachokonoa na kijiti pale katikati ya kwato penye ile nyama laini, kikatoka kitu cheusi kama grisi na harufu yake jamani, panya aliyekufa darini afadhali. Bwana mifugo akaja akasema kwato imeanza kuoza, dawa nakupa, ila kama anarudi kusimama kwenye tope hilo hilo basi tunatwanga maji kwenye kinu. Akasema pia punda asili yake ni nchi kavu, kwato zake zinanyonya maji kuliko za farasi. Mi sikua najua.

Nikaanza na mchanga wa mto. Dalali akaniambia mzee mwaga tu juu ya udongo, maji yatapita yenyewe. Hapo ndo nilipigwa changa la macho, na safari hii changa lenyewe la kweli, tripu tatu za fuso. Nikapata kina cha kama sentimita 15. Wiki ya kwanza raha tupu, punda wanagaagaa mpaka nikawapiga picha. Halafu nikaona yule mdogo akizunguka raundi chache tu anahema, miguu inazama, maana mchanga wa mto punje zake mviringo hazishikani, na kina kikiwa kirefu hivyo kano za miguu ndo zinaumia. Mvua za Machi zikamaliza kazi: maji yalipita kwenye mchanga kweli, yakafika kwenye mfinyanzi yakakaa hapo hapo, wakikanyaga tope linapanda juu mchanga unashuka chini, mwisho ni uji wa ulezi. Kuna jamaa kanionyesha video za wenzetu wa farasi huko Uingereza wanatandika kitambaa maalumu kati ya tabaka, nikajifanya mjanja nikapasua viroba vya mbolea nikatandika. Siku ya tatu kwato zishavivuta nje, kimoja mtoto wa punda anakitafuna!

Halafu kitu ambacho dalali hakuambii, ukiwamwagia pumba na mabua juu ya mchanga wanakula na mchanga humo humo, unajaa tumboni wanapata chango. Pima hivi, chukua kinyesi kibichi ambacho hakijagusa chini, koroga na maji kwenye chupa ya plastiki iache itulie. Yangu ilikaa na mchanga kidole kizima chini. Tangu siku hiyo chakula nawekea kwenye pipa nililopasua.

Maranda nilipata bure kwa mafundi seremala mjini. Kiangazi mazuri sana, laini, ila yakilowa na mkojo yanaoza, macho yanawasha ukiingia asubuhi, na nikaokota misumari miwili humo. Uliza pia kama mbao zilipakwa dawa. Sasa hivi naweka chini ya banda tu penye paa.

Moramu, ule udongo wa changarawe wanaotandika barabarani, ndo iliyonitoa, ila sio moramu peke yake. Vibarua walichimba lile tope lote la juu sentimita 20, tukapima kwa mpira wa maji kama fundi anavyopima msingi, upande wa chini ukashuka kama sentimita 20 kwa zile mita 12, hapo mwishoni tukachimba mfereji wa kutoa maji nje. Ndo moramu ikaja tripu tatu, tunamwaga tabaka jembamba, tunanyunyiza maji, tunashindilia kwa gogo kwa sababu kukodi mashine sikua na hela, mikono iliota malengelenge. Juu yake mchanga mnene wenye punje za pembe pembe, tripu moja tu, sentimita 5 basi. Yani tripu moja imefanya kazi ambayo tatu zilishindwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga usiku kucha, saa kumi na mbili nikatoka na tochi nikijua nimeliwa tena. Maji yanatiririka mferejini, uwanjani nimekanyaga na ndala na sijateleza. Kwato za jike nazikagua kila jumapili, zimekauka, hazinuki.

Mabaya yapo. Moramu ya mwanzo ilikua na mawe makali, tuliokota kwa mikono siku mbili, kwahiyo nenda machimboni mwenyewe uione kabla haijapakiwa. Mwezi wa nane vumbi, namwagia maji jioni. Kinyesi lazima uondoe kila siku na reki upige, usipofanya hivyo hata mchanga wa dhahabu utageuka tope. Na pale getini wanaposongamana wakisikia ndoo ya pumba pameshaanza kutoboka, nimeagiza kifusi kidogo cha moramu niparudishie kabla ya Novemba.