TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili ya safari za porini" anauza mitumbwi mibovu iliyopakwa rangi

Wadau wa makafi na mahema, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya mitumba akitangaza seti kamili ya safari za mtumbwi porini: mtumbwi wa Kevlar (kitambaa cha nyuzi imara na nyepesi) "uliotumika kidogo sana", makafi, majaketi ya kuokolea maisha, mifuko isiyoingiza maji, hema na kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, vyote kwa mkupuo. Jina la akaunti hubadilika na picha hubadilika, ila maelezo ni yale yale hadi makosa ya tahajia. Bei yake haiko chini kiasi cha kumshtua mtu. Ni bei ya mtu anayehama nyumba na hana pa kuweka vitu, na hadithi atakayokupa ni hiyo hiyo ya kuhama.

Nilifuatana na rafiki yangu kuukagua mtumbwi kabla hajatoa hela, na baadaye nimevishika vifaa ambavyo wenzetu wengine walikuwa wameshanunua kwake. Sisemi ya kuambiwa.

Tuanze na mtumbwi, maana ndio chambo. Tuliukuta umelazwa kifudifudi juu ya magogo, unang'aa. Nje kijani, ndani rangi ya dhahabu, na kwa haraka unaamini, kwa sababu Kevlar isiyopakwa rangi kweli ni ya manjano ya dhahabu. Lakini haibaki hivyo. Jua huipiga taratibu ikaelekea hudhurungi, na chini ya viti, ambako mwanga haufiki vizuri, hubaki na rangi yake ya mwanzo. Huu ulikuwa rangi moja kila mahali. Rafiki yangu akaingiza kichwa chini ya kiti cha nyuma, kisha akaniita: tone la rangi ya dhahabu limegandia kwenye kichwa cha skrubu. Kitambaa cha Kevlar hakidondoki.

Chini ya ukingo kulikuwa na jeraha dogo alilosahau kuliziba. Nyuzi za Kevlar zikikwaruzwa hutoa manyoya, na manyoya hayo hayalainiki hata ukiyapitishia msasa. Hapa kingo za jeraha zilikuwa nyeupe, kavu, zinachoma kidole. Hiyo ni fibaglasi. Fibaglasi yenyewe haina ubaya, mitumbwi yake imepita maziwa na mito mingi na bado inapita, ila ni nzito zaidi na bei yake ni nyingine.

Uzito nao ukamuumbua. Tangazo lilisema kilo 19. Mtumbwi wa futi 16 au 17 wa Kevlar nyepesi huwa karibu na kilo 20. Wa fibaglasi mara nyingi hukaribia kilo 30, na wa plastiki ya matabaka matatu hufika 35 na zaidi. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Ukiinua ncha moja kwa mizani na kuacha nyingine imegusa chini, utasoma takriban nusu ya uzito wote. Ikasoma 16. Muuzaji akaitazama, akasema, "Mizani yenu mbovu, bosi." Anayejua kuhamisha mtumbwi kwa mabega kutoka ziwa moja hadi jingine, peke yake chini ya ile nira ya mbao inayokaa mabegani, matope yakiwa magotini, anajua kilo 13 za ziada ni kitu gani.

Uzito ungevumilika. Kilichonitisha ni omo, yaani ncha ya mbele. Pale chini ya omo alikuwa amebandika kiraka kipana cha kuzuia mikwaruzo, kama vile watu wengi wanavyoweka, kwa hiyo hakikutii shaka. Nikachukua sarafu na kuanza kugonga ubavu kuanzia katikati kwenda mbele. Mahali pazima panatoa mlio mkali, mfupi. Nilipokaribia kiraka mlio ukafa, ukawa butu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Tulipougeuza na kuangalia kwa ndani, mahali pale pale rangi ilikuwa imepasuka mistari na chini yake kuna weupe. Matabaka yalikuwa yameachana na gundi yake. Mtumbwi uligonga jiwe siku moja, ukafunikwa. Ukigonga jingine hapo hapo kwenye mkondo wenye kasi, hautakwaruzika tu, utafunguka. Kisha tukauinamisha upande wa tezi, yaani nyuma, na tukasikia maji yakitembea ndani ya chumba cha hewa kilichofungwa. Vyumba hivyo ndivyo vinavyozuia mtumbwi wa namna hii usizame ukijaa maji. Vikiwa na maji, kazi yao imekwisha.

Jambo la namba. Mitumbwi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 huwa na namba ya utambulisho upande wa kulia wa tezi, tarakimu na herufi 12 jumla. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji, na kwa mitumbwi ya kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Kwenye mtumbwi tuliouona, sehemu hiyo ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi, na ukipitisha kucha unasikia bonde. Kwenye tangazo lake jingine namba ilionekana vizuri pichani, ikiishia na 19, na maelezo yanasema mtumbwi ni wa Royalex. Hapo ndipo mtu ajiulize. Royalex, ile plastiki ya matabaka yenye povu katikati iliyopendwa na watu wa mito ya mawe, iliacha kutengenezwa 2014. Mtumbwi wa toleo la 2019 hauwezi kuwa wa Royalex iliyotoka kiwandani juzi. Ama namba ni ya mtumbwi mwingine, ama jina la plastiki ni la uongo, na kwa muuzaji huyu sioni kwa nini isiwe yote mawili.

Majaketi sasa. Haya ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu mtumbwi mbovu utauona ukivuja, lakini jaketi bovu hulijui mpaka uko majini. Mwenzetu mmoja aliyanunua mapya, "yamo kwenye plastiki yake". Lebo ndani ilikuwa na jina la chapa na alama ya ukubwa, basi. Hakuna namba ya kiwango, hakuna idhini ya mamlaka yoyote, hakuna nguvu ya kuelea iliyoandikwa. Jaketi la kupigia kafi linalofuata kiwango cha ISO 12402-5 linaandikwa 50, yaani nyutoni 50 kwa mtu mzima, ambazo ni nguvu ya kushikilia takriban kilo 5 zisizame. Tulifungua mshono wa moja. Ndani kulikuwa na vipande vya sponji ya kufungashia vyombo vya umeme, vimekatwa kwa mkono na kupangwa. Ukibana kipande kwa vidole hakirudi. Tulipofunga chuma cha kilo 5 kwenye jaketi zima la pili na kulitia ndani ya pipa la maji, likaelea kidogo, likaanza kulowa, likateremka. Jaribio hilo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani.

Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba aliyechunguza miili ya watu kwenye maji baridi kwa miaka mingi, ana kanuni wapiga kafi wengi wanaijua: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu inayokutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Baada ya hizo dakika kumi huogelei tena hata kama uliwahi kuwa bingwa. Kinachobaki kukuweka kichwa juu ni jaketi. Huyu bwana anauza sponji ya runinga.

Kifaa cha kuitia msaada ni ujanja mwingine wa kutumia kutojua kwa watu. Anachotoa ni kifaa cha zamani kinachotuma kwa masafa ya megahezi 121.5 pekee. Kinawaka taa, kinalia, na anakuonyesha taa hiyo kwa mbwembwe. Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Ukikibonyeza katikati ya pori, hakuna setilaiti inayokusikia. Vinavyosikika na setilaiti hizo ni vya megahezi 406, na hata hivyo vikiwa vya mitumba vina mambo yake: angalia tarehe ya mwisho ya betri iliyochapwa kwenye ganda, na hakikisha mwenye awali amejiondoa kwenye usajili nawe umesajiliwa kwa mamlaka ya nchi inayohusika. La sivyo waokoaji watapiga simu kwa mtu aliyelala nyumbani kwake.

Mifuko yake isiyoingiza maji imeshonwa kwa uzi badala ya kuunganishwa kwa joto. Ijaze hewa, kunja mdomo mara tatu, kandamiza, utasikia inapumua. Hema lina harufu kali ya uchachu na kitambaa kimepakwa poda kwa ndani. Poda hiyo inaficha kunata, na kunata maana yake ule mpako wa kuzuia mvua umeoza. Makafi, kusema kweli, yalikuwa mazuri. Ya mbao, yamesafishwa vizuri. Nadhani ndiyo anayompa mnunuzi ayashike kwanza.

Namna anavyouza: atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Atataka amana "ya kukushikia". Malipo ni ya njia ambayo hela ikitoka hairudi, na hataki risiti yenye maelezo ya mtumbwi. Lakini alama kubwa kuliko zote ni kwamba hakubali mtumbwi uingie majini. Tulimwomba tuupige kafi kwa muda mfupi tu, maji yakiwa hatua chache kutoka tulipokuwa. Mara rangi bado inakauka, mara mgongo unauma, mara muda hana. Mwenye mtumbwi mzima hujivunia kukuona umeupanda.

Kwa walio mbali ana toleo jingine la mchezo. Anatuma picha za safari, kambi kando ya ziwa na moto unawaka, ambazo ukizitafuta kwa picha utazikuta kwa watu wengine kabisa, halafu anaahidi kukuletea mtumbwi bure kwa huduma ya vifurushi ndani ya siku tatu. Mtumbwi una urefu wa mita 5. Hauingii kwenye gari la vifurushi. Husafiri kwa trela, kwa lori la mizigo au juu ya gari la mtu. Anayekuambia vinginevyo hajawahi kuutuma na hana nia ya kuutuma.

Mliokwisha kulipa, hifadhini mazungumzo yote, picha za tangazo na uthibitisho wa malipo kabla akaunti haijafutwa, maana huifuta. Wasilianeni na benki au mtoa huduma wa malipo siku hiyo hiyo mnapogundua, kisha polisi. Namba ya tezi, kama bado inasomeka, ipigeni picha na kumtumia mtengenezaji. Baadhi yao watakuambia mtumbwi ulikuwa wa aina gani na rangi gani ulipotoka kiwandani, na huo ni ushahidi ambao rangi ya kijani haiwezi kuubisha. Kama namba imesuguliwa, waambieni polisi hivyo hivyo, kwa sababu mtumbwi unaweza kuwa umeibwa.

Na majaketi yale msiyauze, msimwazime mtu, msiwaachie watoto wachezee ufukweni. Yachaneni mshono ili asije mwingine akayaokota akadhani ni mazima.